Jinsia si Kabila, Tuache Huu Mfano

Wenzangu, kuna maneno yamezoeleka sana kwenye makundi yetu: "Kama mwanaume anaweza kusema yeye ni mwanamke, basi hata mzungu aseme yeye ni mweusi." Tunacheka, tunaona tumemaliza. Mimi nasema hatujaanza hata.

Huyo mzungu kweli yupo. Rachel Dolezal, Mmarekani, wazazi wake wote wazungu, aliishi kama mweusi mpaka akaongoza tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mjini Spokane. Juni 2015 wazazi wake walisema ukweli, naye akajiuzulu. Mwaka 2017 mwanafalsafa Rebecca Tuvel akaandika kwamba sababu za kuwakubali transijenda zinafaa pia kwa watu kama Dolezal. Mamia ya wasomi walimpinga. Kwa hiyo swali si la kijinga. Ila jibu lake hata sisi wa Kasese tunaweza kulipata.

Kabila linatoka wapi? Baba Mukonzo, watoto wote Bakonzo. Ukisema wewe ni Mukonzo, unasema habari za mababu na za ukoo mzima, na wazee wanaweza kukuuliza ukoo gani. Jinsia je? Tumbo moja linazaa wavulana na wasichana. Hakuna ukoo wa wanawake watupu. Transijenda akisema yeye ni mwanamke, hajachukua babu wa mtu; anasema habari zake mwenyewe. Dolezal alijipa ukoo wa watu wengine na mateso ambayo familia yake haikuyapitia.

Utasema, "Lakini mwili unaonekana!" Ndiyo, na yeye anauona kila siku kuliko wewe. Hajasema hakuzaliwa nao. Anasema kuishi vile watu walivyomwandikia kunamshinda.

Na kuandikiwa tunakujua. Utawala wa Toro haukutaka kuwatambua Bakonzo na Baamba kama watu wanaojitegemea. Mwaka 1962 walikataa, vita vya Rwenzururu vikaanza, na serikali ikaja kuutambua ufalme huo mwaka 2009. Wengi wetu tuliovuka Mpondwe ni Banande, ndugu wa Bakonzo, tuliotengwa na mpaka wa wakoloni. Sisemi kabila na jinsia ni kitu kimoja, nimeshakataa hapo juu. Nasema uchungu wa mtu mwingine kukuamulia wewe ni nani, sisi hatuhitaji kufundishwa.

Huu utani una bei. Sheria ya 2023 dhidi ya ushoga inaadhibu kitendo cha ngono hadi kifungo cha maisha, na katika kesi nyingine hata kifo. Lakini mtaani hawasubiri kitendo, nguo tu au sauti inatosha. Sasa fikiria mkimbizi amekimbia kwao kwa sababu hiyohiyo, anafika mezani, anasikia mkalimani anacheka na mwenzake. Atasema nini? Atasema alikimbia vita tu, basi. Kesi yake imekufa hapo, na faili litaonekana safi.

Vijana tunaojitolea kutafsiri: si lazima ukubali kila kitu, ila tafsiri alichosema, usiongeze kicheko chako. Na nyinyi wa mashirika, kabla hamjamuuliza mtu siri yake, mpeni chumba chenye mlango, halafu mumuulize kama anamwamini huyo anayemtafsiria.