HESABU NYUMBANI: Maharage kwenye igisoro

Mwezi huu watoto walitukuta tukicheza igisoro, ndugu yake bao la pwani: mistari minne, mashimo manane kila mstari, jumla 32. Mmoja akauliza: "Je, tukiweka harage moja shimo la kwanza, mawili la pili, manne la tatu, tuzidishe hivyohivyo mpaka mwisho, yatakuwa mangapi?"

Tulicheka kwanza. Halafu tukachukua kalamu.

Mstari wa kwanza ukijaa ni maharage 255. Eh, si ndiyo namba ya simu ya Tanzania! Mstari wa pili unarudia wa kwanza, ila kila shimo lina mara 256. Basi mistari miwili ni 255 mara 257, yaani 65,535. Na 257 mnaijua: ndiyo anayoanza nayo mtu aliye nje akimpigia ndugu yake Makebuko au Muyinga. Mistari yote minne ni 65,535 mara 65,537, yaani 4,294,967,295. Tukikadiria kilo moja ina maharage 2,000, malori 71 ya tani 30 hayatoshi kuyabeba!

Namba hii imejengwa kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zikizidishwa pamoja. Zote tano ni namba tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zinapatikana hivi: chukua 2, izidishe kwa yenyewe, upate 4, halafu 16, 256, 65,536. Kila moja uiongeze 1.

Mfaransa Fermat, mwanasheria wa miaka ya 1600, aliamini ukiendelea hivyo utapata namba tasa siku zote. Watu walimheshimu sana. Lakini inayofuata ni 4,294,967,297, mbili tu zaidi ya maharage yetu, na mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Kumbe mkubwa alikosea! Hadi leo namba tasa ya sita ya aina hiyo haijapatikana.

Kwa nini tunawaandikia haya? Kwa sababu karatasi yenye muhuri nayo inaweza kukosea. Mama mmoja jirani yetu alipewa posho ya watu sita, na wao ni saba. Yeye hakujua kusoma, akanyamaza. Binti yake wa darasa la tano akahesabu kwa vidole, akasema kwa adabu: "Samahani, tuhesabu tena." Ikarekebishwa palepale.

Basi wazazi, siku ya posho nendeni na mtoto anayejua hesabu. Na wewe mtoto, jioni hii zidisha 641 kwa 6,700,417 uone kama Euler alisema kweli. Usituamini sisi, hesabu mwenyewe.

Tuonane mwezi ujao.