Kabla ulipe depositi Nkoroi, uliza choo kinaenda wapi

Ukienda kutafuta bedsita Nkoroi, maswali yako nayajua. Maji yapo siku zote? Tokeni za stima ni za kila nyumba ama za ploti nzima? Wi-Fi inashika? Kutoka hapa hadi Magadi Road ni dakika ngapi kwa miguu? Poa. Lakini kuna moja ambalo karibu hakuna anayeuliza: nikiflashi choo, ule mzigo unaenda wapi?

Kwa ploti nyingi za huku kati ya Rongai na Kiserian, hauendi kwa sua. Unaenda hapo chini ya parking, kwenye tangi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua ploti ya bedsita 20, watu wawili kila nyumba: 40. Kila mtu akiflashi mara nne kwa siku, lita tisa kila mara, hizo ni lita 1,440. Hapo hatujagusa maji ya kuoga wala ya kufua. Tangi la lita 10,000 lingejaa kwa wiki moja tu. Sasa jiulize, lori la kunyonya uchafu umeliona lini mara ya mwisho getini? Basi maji mengine yote yameingia ardhini. Kwa kawaida ndivyo tangi hilo linavyofanya kazi: uchafu mzito unazama, maji yanapita hadi kwenye shimo la kunywea. Shida ni kwamba huku ukichimba futi chache mara nyingi unagonga mwamba, na penye udongo mweusi maji hayanyweki haraka, hasa masika.

Watu wa vyombo vya majini wanaijua hesabu hii. Majahazi ya zamani yalikuwa na kisanduku kilichoning'inia nyuma, ukimaliza bahari imechukua. Leo, chini ya mkataba wa kimataifa wa MARPOL, meli kubwa, au iliyoruhusiwa kubeba zaidi ya watu 15, haimwagi majitaka yasiyotibiwa hadi iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Hiyo ni kilomita 22 hivi. Kwa hivyo mwenye kuunda meli anauliza mapema: watu wangapi, siku ngapi, lita ngapi? Landilodi wetu anachora vyumba kwanza, halafu tangi linawekwa panapobaki.

Na hapa ndipo mimi nakasirika. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa hata kwenye kambi za wakimbizi, unataka choo na shimo la kunywea viwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya chini ya ardhi. Ploti ya 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 hivi, basi. Ukiwa na kisima upande mmja na tangi la jirani nyuma ya ukuta, umeshapitwa. Na maji hayo hayo ndiyo unapigia mswaki.

Utaambiwa, "Usijali, tuna baiodaijesta." Ni kitu kizuri, sibishi. Bakteria wanakula uchafu na tangi halijai haraka. Lakini maji bado yanatoka, na bado yanataka pa kunywea. Halafu wale bakteria wanakufa ukimwaga Jik chooni kila Jumamosi, na daipa hawali. Hiyo ni juu yetu sisi wapangaji, tusimsukumie landilodi kila kitu.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa kama haki. Kaunti ya Kajiado, ambayo ndiyo hupitisha michoro ya majengo, ingeweza kuanza na jambo dogo: kibao getini chenye ukubwa wa tangi, idadi ya watu linaloweza kuhudumia, na tarehe liliponyonywa mara ya mwisho, pamoja na leseni ya NEMA ya lori lililobeba. Lori linalomwaga usiku mtoni limehamisha shida tu.

Kabla kibao hicho kije, muulize keateka. Akijisifu kwamba tangi halijawahi kunyonywa tangu ploti ijengwe, usifurahi. Muulize kisima kiko upande gani.