Siasa Ikivaa Kanzu, Swali la Mkulima Linageuka Dhambi

Mashabiki wa muvi za anga za juu wakikaa kijiweni, stori huwa ni meli za kivita, roboti na viumbe vya ajabu. Ila kuna episodi moja ya Star Trek: Deep Space Nine ambayo haina vita ya meli kabisa, na bado inagonga kuliko nyingi zenye mabomu. Inaitwa "Shakaar", ilitoka mwaka 1995, sizoni ya tatu. Bifu lote ni la mashine za kilimo.

Kwa ambao hawajaicheki, iko hivi. Sayari ya Bajor imetoka juzi tu kwenye mikono ya wakoloni wa Cardassia, na wakoloni walivyosepa waliacha ardhi ina sumu. Waziri Mkuu anafariki ghafla. Serikali ya muda anakabidhiwa Kai Winn, na Kai ndiye kiongozi mkuu wa dini wa sayari nzima. Mama mmoja, kofia mbili, uchaguzi uko mlangoni na mpinzani wa maana hakuna.

Winn anataka mashine za kusafisha udongo zitolewe Dahkur zipelekwe mkoa mwingine ukalime mazao ya kuuza nje. Shida ni kwamba wakulima wa Dahkur walizisubiri miaka mitatu, wakaahidiwa kukaa nazo mwaka mzima, na hapo wamekaa nazo miezi miwili. Wanagoma. Kinara wao ni Shakaar, mpiganaji wa zamani wa msituni. Winn anamtuma Meja Kira, aliyepigana chini ya Shakaar, akamlainishe. Kira anahangaika mpaka pande mbili zinakubali kukaa mezani. Halafu Winn anatuma askari wakamkamate Shakaar. Wakulima wanakimbilia milimani, na nchi iliyotoka kumtimua mkoloni nusura ipigane yenyewe kwa yenyewe. Kisa mashine.

Sasa angalia ujanja ulipo. Winn ana neno lake moja, anamwambia kila mtu: "mwanangu". Linasikika tamu, kumbe ni rungu. Mwananchi akiitwa mwananchi anaruhusiwa kuuliza. Akiitwa mwana, anatakiwa kutii. Swali la wakulima lilikuwa jepesi: mlituahidi mwaka, mbona miezi miwili? Serikali ya kawaida ingejibu kwa mahesabu. Ila ukimuuliza kiongozi wa imani yako, swali la mashine linageuka swali la adabu, na kidogo kidogo linageuka dhambi.

Huku kwetu hatuna Kai. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, imeweka wazi kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu Nyerere aliusimamia msimamo huo huo: watu wana dini zao, serikali haina. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Mtaani ndio kuna stori nyingine.

Kumbuka 2023 na ishu ya bandari. Juni 10 Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai. Agosti maaskofu wa Katoliki kupitia TEC wakatoa tamko la kuyapinga, likasomwa makanisani. Mkataba ule ulikuwa na vifungu, na vifungu vinajadilika: ukomo wa muda uko wapi, kesi zikitokea zitaamuliwa wapi, nchi inapata nini. Lakini ndani ya siku chache mitandaoni watu wengi walishaacha vifungu. Ikawa huyu dini gani, yule katokea upande gani wa Muungano. Aliyekosoa mkataba akaambiwa ana udini. Aliyeutetea naye akaambiwa hivyo hivyo. Watu walitukanana wiki nzima bila kufungua hata ukurasa mmoja. Swali la mashine likawa swali la imani, na mwenye majibu ya kutoa akapumua.

Maana yake viongozi wa dini wanyamaze? Hapana, na hapo ndipo wengi wanachanganya. Askofu au sheikh akisimama kusema jambo la nchi, ni haki yake, na anayesikiliza ana haki ya kumpinga kesho yake. Alichofanya Winn ni kingine. Winn hakuishia kuisemesha serikali, aliikalia kiti, na madhabahu hakuiachia.

Kinondoni wanalijua hili kwa karibu. Mwaka 2020 jimbo la Kawe lilimchagua Askofu Josephat Gwajima kuwa mbunge kwa tiketi ya CCM, huku akiendelea kuliongoza Kanisa la Ufufuo na Uzima. Mwaka 2021 akahubiri kupinga chanjo ya UVIKO-19 wakati serikali ya chama chake inaihamasisha. Bunge likamwita kwenye kamati ya maadili na kumsimamisha mikutano miwili. Pale mtu wa Bunju alikuwa na haki ya kuuliza: aliyeongea ni nani, mchungaji au mbunge? Maana mchungaji anajibu kwa Mungu na waumini wake. Mbunge anajibu kwa watu wote wa jimbo, wakiwemo wasioingia kanisani kwake kabisa.

Halafu gurudumu likageuka. Mei 2025 Gwajima akaongea hadharani kukemea utekaji wa watu. Juni 2, msajili akafuta usajili wa kanisa lake, sababu ikitajwa kuwa ni mahubiri ya kisiasa yanayochonganisha serikali na wananchi. Polisi wakazuia ibada Ubungo. Unaweza kumpenda Gwajima au usimpende, hilo liko pembeni. Mama aliyezoea kuja Jumapili na daladala kutoka Mbagala kuombea mtoto wake mgonjwa hakuwahi kugombea chochote. Lakini yeye ndiye aliyekuta geti limefungwa. Na suala la utekaji lenyewe, ambalo familia zenye ndugu waliopotea zinalilia majibu, likahama tena. Watu wakabaki kubishana kama askofu yuko sahihi kuongea siasa, wakati swali lilikuwa: ndugu zetu wako wapi?

Ndiyo maana bifu la dini na siasa halina mshindi wa kudumu. Leo madhabahu inapanda kwenye jukwaa, kesho jukwaa linafunga madhabahu. Anayelipa nauli ya safari zote mbili ni mtu wa chini.

Na hapa vijana wa Chamazi, Tandika na Boko waweke akili. Mheshimiwa anayeingia kwenye nyumba ya ibada na bahasha ya mabati na saruji anapigiwa makofi, anaombewa, anaondoka. Hakuna wa kumuuliza kuhusu mtaro uliojaa mchanga wala shule yenye wanafunzi wanaokaa chini, kwa sababu pale si mahali pa kuuliza. Ameshachagua uwanja ambao jibu pekee linaloruhusiwa ni "amina". Mabati yapokelewe, mvua haina itikadi. Lakini mkutano wa mtaa nao aje, akae kwenye benchi, aulizwe.

Shakaar alitokaje? Hakuanzisha dini mpya. Hakumwita Kai mnafiki wala kuwaambia watu waache kusali. Kule milimani askari na wakulima walitazamana kwenye mtutu wa bunduki, wengi walishapigana upande mmoja zamani, wakashusha silaha. Kisha Winn akaambiwa kitu kimoja: Shakaar anagombea uwaziri mkuu. Winn akajua habari za jinsi alivyotaka kuimwaga damu ya ndugu zikifika kwa wapiga kura, kura hapati. Akajitoa.

Baada ya hapo Winn alibaki kuwa Kai. Kira aliendelea kusali. Imani ya Bajor haikupungua hata robo. Kilichobadilika ni kwamba kwenye karatasi ya kura kulikuwa na jina la mtu ambaye mkulima anaweza kumuuliza mashine zimeenda wapi, na usiku akalala bila kuogopa kwamba amemkosea Mungu.