Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, TAMISEMI: Nyuma ya gari la wagonjwa kuna nani?

Ndugu Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kasulu, mkoani Kigoma, wewe badala ya Wizara ya Afya kwa sababu dereva wa gari la wagonjwa na muuguzi anayesindikiza rufaa ni watumishi wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya ofisi yako.

Sina malalamiko juu ya magari. Barabara nayo inakuja: ile ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za Serikali. Kila kipande cha lami kinachokamilika kinatupunguzia vumbi na muda wa safari. Ninachotaka tukizungumze ni yanayotokea nyuma ya gari mlango ukishafungwa.

Mfikirie mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, katika mkoa wetu huu ambao malaria ni jirani wa kila siku. Degedege limetulizwa kwa dawa, sasa anapelekwa hospitali ya rufaa ya Maweni, Kigoma mjini. Amelazwa chali, kichwani kawekewa kitenge kilichokunjwa mara nne ili asiumie, na kidevu kimegusa kifua. Anakoroma. Mama anamshukuru Mungu kwamba mwanawe amepata usingizi. Dereva akisikia ule mkoromo, naye anapumua. Kumbe shingo imejikunja, ulimi umerudi nyuma, na hewa inapita kwa shida kwenye upenyo uliobaki. Tiba yake haihitaji dawa wala umeme: ondoa kitenge, rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, kisha mlaze ubavu. Mkoromo unakwisha palepale. Lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba mgonjwa asiye na fahamu akikoroma, hajalala.

Utaratibu wa kumkagua mgonjwa wa namna hiyo upo, na hatukuanza jana kuufahamu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mafunzo ya huduma za msingi za dharura, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyafanyia majaribio. Unaanza na njia ya hewa, unaangalia upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha ufahamu, mwisho unamfunua mgonjwa na kumtazama mwili mzima. Huruki hatua. Pumzi zinahesabiwa dakika nzima kwa saa, kifua kikiwa wazi. Mtoto wa miaka mitatu akifikisha pumzi 40 anapumua haraka mno, na asiyehesabiwa hawezi kujulikana.

Kisha kuna ule mfuko wa kupumulishia, ambao wauguzi wanauita ambu. Kuumiliki ni rahisi, kuutumia ni kazi ya mikono. Kinyago kisipobana uso, hewa yote inatokea mashavuni. Mtu mzima anatakiwa kupewa pumzi moja kila baada ya sekunde tano au sita, kiasi cha kuinua kifua tu. Mwenye hofu anakamua mbio mbio, hewa inaingia tumboni, mgonjwa anatapika, na matapishi yanaelekea mapafuni. Gari likiwa linaruka kwenye makorongo, mtu mmoja kubana kinyago na kukamua mfuko kwa wakati mmoja ni mtihani mkubwa. Ndiyo maana nasema dereva naye afundishwe: ikibidi asimamishe gari, aende nyuma, ashike kinyago kwa mikono miwili.

Na oksijeni ina hesabu yake. Mtungi mdogo wa lita 680 ukifunguliwa lita 10 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 68. Kibondo hadi Kigoma mjini si safari ya dakika 68.

Najua jibu la haraka litakuwa semina. Tafadhali, tusiishie kwenye semina. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ilishatuonyesha. Wakunga walipofundishwa kwa siku moja kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua, walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini chumba cha kujifungulia kilibaki vilevile. Ulipoanzishwa utaratibu wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Posho ya semina tunaipenda sote, nami sijifanyi mtakatifu, ila mikono hukumbuka inachorudia.

Mpango mkubwa uliofuata, wa uzazi salama, ulifika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kigoma haikuwemo. Tuna m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura, na namba yake ya 115 imewaokoa wengi, lakini ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kijana aliyeanguka na bodaboda hayumo, wala mtoto wetu wa degedege.

Kwa hiyo naomba hivi. Halmashauri ya Mji Kasulu, ya Wilaya ya Kasulu na ya Kibondo kila moja iwe na mwanasesere wa mazoezi, na madereva pamoja na wasindikizaji wafanye mazoezi mafupi kila wiki, msimamizi akitia saini. Kila gari liwe na ambu ya mtu mzima, ya mtoto na ya kichanga, mashine ya kufyonza makohozi, kipima oksijeni cha kidoleni, na mtungi unaopimwa kabla ya kuondoka. Rufaa isitoke bila fomu yenye idadi ya pumzi, na idadi hiyo irudiwe njiani. Madereva wa jamii wa m-mama nao wafundishwe angalau kuinua kidevu na kumlaza mtu ubavu.

Haya yote yanaweza kuingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri, kama ofisi yako ikiagiza. Tunaomba agizo hilo litoke kabla mipango ya mwaka wa fedha ujao haijapitishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kasulu