Kiungo Kipya, Mfupa Uleule

Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley aliachana na Tefloni. Vikombe vya nyonga alivyotengeneza kwa plastiki hiyo vilisagika upesi, na unga wake ukauchochea mwili ule mfupa wake wenyewe. Akahamia poliethilini, na upasuaji wa kubadilisha nyonga tunaoujua leo ukashika mizizi. Kiungo bandia kikilegea, mshtakiwa wa kwanza huwa plastiki. Nayo imeboreshwa sana, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini viungo bado vinalegea. Toleo hili linamgeukia mtuhumiwa tuliyezoea kumpita: mfupa wa mgonjwa, na homoni zinazoutawala.

Chukua picha ya eksirei ya nyonga iliyolegea. Shina la chuma limo ndani ya mfupa wa paja, limezungukwa na saruji, na baina ya saruji na mfupa umepita mstari mweusi. Picha za miaka ya nyuma zinauonyesha ukiwa mwembamba kama uzi, au haupo kabisa. Mgonjwa hajui habari za mstari. Analojua ni kwamba akiinuka kitini paja humuuma hatua chache za mwanzo, kisha huachia, naye anadhani ni uzee.

Mfupa hubomolewa na kujengwa usiku na mchana. Estrojeni huuzuia ubomoaji usipite kiasi, na wengi wanaobadilishiwa nyonga na magoti ni wanawake waliokwisha koma hedhi, ambao homoni hiyo imewapungukia. Tezi za paratiroidi, nne ndogo nyuma ya tezi ya shingo, zikizidisha kazi huchota kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu. Upungufu wa vitamini D huziamsha tezi hizohizo. (Tusijidanganye kwa jua letu: mzee anayeshinda ndani haoti jua la mtu yeyote.) Kisukari cha ukubwani ndicho kijanja kuliko vyote, kwa sababu kipimo cha uzito wa mfupa kinaweza kutoa majibu mazuri na mfupa bado ukavunjika kirahisi. Juu ya hayo, sukari isiyodhibitiwa huwafungulia bakteria mlango wa kidonda.

Sisemi madaktari wa mifupa hawayajui haya. Tatizo ni mafaili. La sukari liko kliniki moja, la tezi ya shingo liko nyingine, na la upasuaji lina wingi wa damu, kundi la damu na picha ya kifua. Kalsiamu haimo. Kwa maoni yangu, mgonjwa asipangiwe tarehe kabla ya kupimwa kalsiamu, wastani wa sukari wa miezi 3 na homoni za tezi ya shingo, ambazo nazo huutawala mfupa. Mmoja wa wenzangu anapinga: kila kipimo kina bei, na kumpima kila mtu vitamini D ni kutupa fedha. Kwenye vitamini D namkubalia. Wapimwe wenye dalili na waliowahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Kwenye kalsiamu simkubalii hata kidogo, maana kurudia upasuaji wa kiungo kilicholegea ni kugumu na ghali kuliko ule wa kwanza.

Kuna swali jingine ambalo halihitaji maabara: umewahi kutumia prednisoloni au deksamethasoni, kwa muda gani, na nani alikuandikia? Wengine walipewa kwa pumu au lupasi, wengine walinunua dukani bila cheti kutuliza magoti. Dawa hizi hudhoofisha mfupa, na zinaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, ndiyo maana baadhi yao wanahitaji nyonga mpya wangali vijana. Zikitumika muda mrefu huzilaza tezi za adrenali, zinazosaidia kulishikilia shinikizo la damu, na mgonjwa anayeziacha ghafla siku chache kabla ya upasuaji, akidhani anajisafisha, anaweza kushuka shinikizo hilo akiwa kwenye meza ya upasuaji, wakati mtaalamu wa usingizi hana habari.