Tahariri: Ualimu wa muziki nao ni kazi, na mlango wake hufungwa mapema

Kila mwaka shule za Marekani zinapofunguliwa, watoto wetu wengi walio darasa la nne, la tano au la sita hurudi nyumbani na karatasi mkononi. Karatasi hiyo inamuuliza mzazi iwapo mtoto wake ataingia kwenye bendi, okestra au kwaya ya shule, na atajifunza ala gani. Katika nyumba nyingi za Waswahili huku ughaibuni karatasi hiyo huishia kwenye pipa la taka. Mzazi ametoka zamu ya usiku, amechoka, na jibu lake ni moja: "Hatukuja huku kupiga matarumbeta. Soma, uje uwe nesi au injinia."

Hatuwalaumu wazazi hao. Mtu aliyekaa kambi ya Nyarugusu au Kakuma miaka nenda rudi kabla ya kuletwa huku, au aliyebeba maboksi ili alipe ada yake mwenyewe, ana haki ya kumtakia mwanawe kazi ya uhakika. Lakini lipo jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na kutolijua kunawagharimu watoto. Nchini humu kufundisha muziki shuleni ni taaluma yenye shahada na leseni, sawa na kufundisha hesabu au sayansi. Muziki uliingizwa rasmi katika shule za umma za mji wa Boston mwaka 1838, na hadi leo mwalimu wake huajiriwa na wilaya ya shule kama walimu wenzake. Kwa kawaida hulipwa kwa ngazi zile zile za mshahara, akiwa na bima ya afya na pensheni.

Tueleze inavyokwenda. Shahada ya elimu ya muziki kwa kawaida huchukua miaka 4, na wengine huongeza muhula mmoja au miwili. Katika vyuo vinavyotambuliwa na NASM, chombo cha kuidhinisha vyuo vya muziki kilichoanzishwa mwaka 1924, karibu nusu ya masomo huwa ni muziki wenyewe: nadharia, historia, mazoezi ya sikio, piano, na kuongoza kwaya au bendi. Anayelenga kufundisha bendi hujifunza misingi ya ala nyingi, za kupuliza na za kupigwa, kwa sababu darasani atakuta mtoto wa fluti amekaa jirani na mtoto wa tromboni. Sehemu nyingine ni masomo ya jumla, na iliyobaki ni ualimu: jinsi mtoto anavyojifunza, jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kumfundisha mwenye ulemavu.

Mwishoni mwanafunzi hupelekwa shuleni kwa muhula mzima kufundisha chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu, mara nyingi bila malipo. Kisha hufanya mitihani ya jimbo, huchukuliwa alama za vidole ili rekodi yake ikaguliwe, na ndipo huomba leseni. Katika majimbo mengi leseni ya muziki humruhusu kufundisha tangu chekechea hadi darasa la 12. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo anayehama hulazimika kuomba upya, ingawa majimbo mengi yana taratibu za kutambuana.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaponza watoto wetu. Mtu anaweza kuamua kuwa nesi akiwa na miaka 25 au 30, akaanza masomo na akafika. Shahada ya muziki haisubiri hivyo. Kabla ya kupokewa, kijana hutakiwa kupiga ala au kuimba mbele ya jopo la walimu wa chuo, na mara nyingi hilo hufanyika katika majira ya baridi ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Vyuo vingi hupima pia kama anaweza kusoma nota. Mtoto aliyeanza klarineti akiwa na miaka 11 anafika mbele ya jopo hilo akiwa na miaka 6 au 7 ya mazoezi. Yule ambaye karatasi yake ilitupwa anafika mikono mitupu, hata kama kipaji anacho. Kwa mantiki hiyo, mzazi anayesema "maliza kwanza shule, muziki utaufuata baadaye" anaufunga mlango bila kujua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa muziki kwetu haujapungua. Tazama kwaya za ndugu zetu Wakongo na Warundi katika miji ya huku, zinazoimba kwa sauti nne bila kinanda. Wasikilize vijana wa kaswida, au Wakenya waliokulia kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Kinachokosekana ni kusoma nota za mistari mitano. Wengi wetu tuliimba kwa kusikia, au kwa solfa za kanisani.

Solfa hizo wala si za kuonea haya. Mfumo wake ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakautawanya Afrika. Mhungaria Zoltán Kodály naye alijenga mafundisho yake juu ya do-re-mi na ishara za mikono za Curwen, na mafundisho hayo ndiyo yanayosomeshwa leo kwa walimu wengi wa muziki wa Marekani. Mtoto aliyekulia kwenye solfa ana mtaji tayari. Amebakiza hatua ya kuzihamishia kwenye mistari.

Tuseme ukweli na wa upande wa pili. Mshahara wa mwalimu haufikii wa daktari, na bajeti ya wilaya inapobana, masomo ya sanaa huwa miongoni mwa yanayopunguzwa kwanza. Ule muhula wa kufundisha bila malipo ni mgumu kwa anayejitegemea, hivyo familia ijipange mapema. Anayetaka kuanzia chuo cha jamii ili kupunguza gharama aulize kwanza ni masomo gani ya muziki yatahamishika, kwani huko aendako huenda akatakiwa kusimama mbele ya jopo pia. Na mwenye shahada ya ualimu kutoka nyumbani asikimbilie kuanza upya: apeleke vyeti vyake vikatathminiwe, kisha aiulize idara ya elimu ya jimbo lake amebakiza nini.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani, suala hili linawahusu pia. Mtaala wa umilisi wa Kenya na mitaala mipya ya Tanzania iliyoanza kutumika mwaka 2024 inaupa muziki nafasi ndani ya masomo ya sanaa. Nafasi kwenye karatasi bila mwalimu aliyesomea haimfundishi mtoto kitu. Kijana wetu atakayepata leseni huku anaweza kesho kwenda kuwanoa walimu wenzake Arusha au Kisumu hata kwa likizo moja. Mcheza kwao hutunzwa.

Rai yetu ni hii. Wazazi, karatasi ile ikija msiitupe. Muulizeni mtoto, na muiulize shule kama ina ala za kuazima au kukodi kwa bei nafuu, kwani shule nyingi zinazo. Viongozi wa kwaya, tengeni nusu saa kila wiki ya kufundisha nota za mistari. Nanyi vijana mnaopenda muziki, mwambieni mshauri wa shule mapema, mwaka wa kwanza wa sekondari, mkiwa bado na muda wa kujiandaa. Mtoto akichagua uuguzi baada ya hapo, hajapoteza kitu. Akichagua ualimu wa muziki, atakuta mlango bado uko wazi.