Mashine ya sahani za karatasi: kabla ya mkopo, uliza karatasi

Wajasiriamali wenzangu, video za mashine za sahani za karatasi zimejaa kila kona. Mtu anaona sahani zinadondoka tu, anakimbilia mkopo. Mimi nasema mashine peke yake siyo biashara. Biashara ni karatasi na moldi.

Iko hivi: plastiki ukiipasha moto inavutika. Karatasi ngumu haivutiki hivyo. Ndiyo maana ukingo wa sahani ya karatasi una mikunjo midogo midogo. Moldi ya moto inapobana, karatasi inayozidi lazima ijikunje mahali. Ikiwa kavu mno inapasuka. Ikiwa na unyevu kiasi inakubali umbo, na joto linalikaza. Sasa wewe ukiiweka juani, au chini ya bati linalovuja, hasara ni yako.

Halafu kila saizi ina moldi yake. Leo mteja anataka ya keki, kesho ya pilau. Na ya pilau inataka karatasi iliyopakwa tabaka la kuzuia mafuta, bei inapanda.

Kwa hiyo kabla hujasaini, tafuta karatasi unayoweza kuipata hapo ulipo. Mwambie muuzaji wa mashine akutolee sahani kwa karatasi hiyo hiyo. Weka pilau ya moto, subiri dakika kumi, ibebe kwa mkono mmoja. Ikilegea, shukuru: pesa yako bado iko mfukoni.

Je, kwenu karatasi hiyo inapatikana mwaka mzima? Tuambiane.